Mnarani: Mnara Ulioupa Mtaa Jina

ELIMU KWA UMMA: TURATHI ZA KAUNTI YETU

Kila kondakta wa matatu za barabara ya Mombasa na Malindi anajua kulitaja jina hili. Akikaribia Daraja la Kilifi kutoka kusini hupaza sauti, "Mnarani! Wa Mnarani tushuke!" Abiria hushuka, hulipa bodaboda, na kila mmoja hushika njia yake. Ukimsimamisha mmoja wao umuulize ni mnara gani hasa uliolipa eneo hili jina, mara nyingi atakuonyesha mnara wa simu.

Mnara wenyewe upo, na una umri wa mamia ya miaka. Umesimama juu ya mwinuko ulio ukingoni mwa mkono wa bahari wa Kilifi, katikati ya magofu ya misikiti, makaburi na mibuyu mikubwa. Wageni hutoka mbali kuja kuutazama. Sisi tulio jirani nao tunaupita kila siku bila kugeuza shingo.

Katika toleo hili tunautumia mnara huo kama somo. Tutaeleza maana ya jina, kwa nini mji ulijengwa juu pale, ulijengwa kwa vifaa gani, nini kinauharibu sasa, na sheria inasemaje juu ya mabaki ya kale ambayo huenda yamo hata katika shamba lako. Mwishoni kuna zoezi ambalo wanafunzi na wazazi wanaweza kulifanya pamoja.

Maana ya jina

Neno "mnara" limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni mahali pa kuwashia moto au taa ya kuongoza watu. Katika Kiswahili limepanuka. Tuna mnara wa msikiti, mnara wa taa ya kuongozea meli, mnara wa simu na mnara wa kumbukumbu. Ukiongeza "-ni" ya mahali unapata Mnarani, yaani penye mnara.

Kumbe mnara huu wa Mnarani haukuwa wa kuadhinia wala wa kuwashia taa. Ni nguzo ya kaburi. Misikiti mingi ya zamani ya pwani yetu haikuwa na minara kama tunayoiona leo. Mwadhini alipanda ngazi fupi au juu ya paa, akaadhini kutoka hapo. Kilichosimama juu na kuonekana kwa mbali mara nyingi kilikuwa nguzo ya mawe iliyojengwa juu ya kaburi la mtu mwenye cheo.

Makaburi ya nguzo

Makaburi ya aina hii ni alama ya pekee ya pwani ya Waswahili. Yamesambaa kuanzia pwani ya Somalia, yakapita Lamu, Malindi na Kilifi, hadi Kaole na Kunduchi nchini Tanzania. Kaburi lenyewe huzungushiwa ukuta wa mawe uliochongwa kwa mistari na visanduku. Upande mmoja wa ukuta huo huinuka nguzo. Nguzo nyingine ni mviringo, nyingine za pembe nne, na nyingine zina pembe sita au zaidi. Baadhi zilipachikwa bakuli za kaure kutoka Uchina, ambazo zilikuwa ishara ya utajiri na ya biashara ya mbali.

Kaunti yetu ina bahati, kwa sababu mkazi anaweza kuona makaburi kadhaa ya namna hii bila kuvuka mpaka. Malindi mjini, karibu na Msikiti wa Ijumaa ulio ufuoni, pana makaburi ya nguzo. Mambrui pana kaburi linalojulikana kwa bakuli zake za Kichina. Gede, mbali na kaburi la nguzo, pana kaburi lililoandikwa tarehe, mwaka wa 802 wa Hijria, sawa na mwaka wa 1399. Magofu hayo ya Gede yaliingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka wa 2024.

Msomaji asichanganye minara hii na ile nguzo ya Vasco da Gama iliyo Malindi. Ile yenye msalaba juu ni alama ya mabaharia wa Ureno, ambao walifika Malindi mwezi wa Aprili mwaka wa 1498. Walijenga alama kama hizo ili kuonyesha kwamba wamefika. Nguzo ya Mnarani ilijengwa na wenyeji, juu ya kaburi la mtu wao. Ya Malindi ni ishara ya mgeni anayepita, na ya Mnarani ni ishara ya watu waliokuwa kwao.

Mji wenyewe

Mnarani ulikuwa mji wa Waswahili uliostawi tangu karne ya 14 hadi mwanzo wa karne ya 17. Haukuwa peke yake. Wanahistoria huutaja pamoja na Kioni, uliokuwa ng'ambo ya kaskazini, na Kitoka, ulio kusini kando ya mkono wa bahari wa Takaungu. Miji hiyo mitatu kwa pamoja ndiyo iliyokuwa Kilifi ya zamani. Kwa hiyo jina la Kilifi si jina la mji mmoja ulioanza na barabara ya lami. Ni jina la jamii ya miji iliyokuwa ikitazamana na kutembeleana kwa mashua.

Mtaalamu James Kirkman, ambaye pia alichimbua Gede na baadaye akaisimamia Fort Jesus ya Mombasa, alifanya uchunguzi Mnarani katika miaka ya 1950. Kazi yake ndiyo iliyofukua msikiti mkubwa, msikiti mdogo na makaburi tunayoyaona leo. Msikiti mkubwa una mihrabu iliyozungukwa na maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa katika jiwe. Ni mahali pachache katika pwani yetu pana maandishi ya kuchonga mengi kiasi hicho. Karibu na msikiti pana kisima kirefu kilichochimbwa ndani ya mwamba, na mahali pa kutilia udhu.

Hebu tafakari kidogo juu ya kisima hicho. Mji uko juu, maji yako chini. Mtu alilazimika kukata mwamba hatua kwa hatua mpaka afikie maji matamu, bila mashine wala baruti. Leo, familia nyingi zinapohangaika na mitungi na malori ya maji, kisima cha Mnarani kinatukumbusha kwamba tatizo la maji hapa si geni. Kinatukumbusha pia kwamba waliotutangulia walilitatua kwa ushirika, kwa sababu kazi ile si ya mtu mmoja.

Mji huu haukuishi kwa bahari pekee. Bara ya Kilifi ilikuwa na watu, mashamba na misitu. Pembe za ndovu, nafaka, asali na sandarusi zilishuka kutoka bara. Nguo, shanga na vyombo vilipanda kutoka baharini. Biashara kati ya miji ya pwani na jamii za Mijikenda ilidumu karne nyingi. Ndiyo maana haifai kusema kwamba magofu haya ni ya kundi moja tu. Misikiti na makaburi ni ya Waislamu na yanastahili heshima ya ibada, lakini historia ya mji ni ya kila jamii iliyouza, kununua, kulima na kuoleana hapa.

Kwa nini juu ya mwinuko?

Ukipanda ngazi kutoka chini kwenye maji hadi penye magofu, utahema. Ukifika juu utapata jibu la swali hili kabla hujaliuliza. Mbele yako ni mkono wa bahari unaojipinda kati ya kingo zake, maji yanayobadilika rangi kadiri jua linavyosogea, mikoko kando, mashua zilizotia nanga, na daraja lililounganisha kingo mbili mwaka wa 1991. Kabla ya hapo, watu na magari walivushwa kwa feri. Upepo hauishi kuvuma. Kwa mtu aliyechoka, hiyo peke yake ni faida ya kutosha.

Lakini waliojenga hapa hawakupanda kwa ajili ya mandhari tu. Mwinuko uliwapa mambo manne.

Kwanza, kuona. Kila chombo kilichoingia kilionekana mapema. Mwenyeji alijua kama ni mashua ya mvuvi au jahazi la mgeni, na alikuwa na muda wa kujiandaa kupokea au kujilinda.

Pili, kuonekana. Nguzo na kuta zilizopakwa chokaa nyeupe zilimulika juani. Nahodha aliyekuwa akitafuta lango la kuingilia alipata alama ya kujielekeza.

Tatu, bandari tulivu. Mkono wa bahari una kina na umekingwa na mawimbi. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja na upepo wa kaskazi, yakasubiri kusi ili yarejee. Chombo kinachosubiri miezi kinahitaji mahali salama pa kutia nanga, na wenye mji walihitaji kuviona vyombo hivyo kutoka majumbani mwao.

Nne, afya na ujenzi. Juu pana hewa kavu, mbu ni wachache kuliko mikokoni, na mwamba wa matumbawe ni msingi imara kwa nyumba ya mawe.

Hesabu ya macho

Walimu wa hisabati wanaweza kulitumia jambo la kwanza kama somo. Dunia ni mviringo, kwa hiyo kadiri unavyosimama juu ndivyo upeo wa macho unavyokwenda mbali. Kuna kanuni rahisi: chukua urefu wa macho yako juu ya usawa wa bahari kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 3.57. Jibu ni umbali wa upeo kwa kilomita.

Mtu aliyesimama ufuoni, macho yake yakiwa mita 1.6 juu ya maji, huona upeo ulio kilomita 4.5 hivi. Akipanda mahali palipo mita 25 juu ya bahari, pasipo kizuizi mbele yake, upeo wake huwa karibu kilomita 18.

Ongeza sasa jahazi lenye mlingoti wa mita 10. Ncha ya mlingoti ule nayo ina upeo wake, kilomita 11 hivi. Kwa hiyo mtu wa ufuoni anaweza kuiona ncha ya tanga likiwa umbali wa kilomita 16 hivi, na mtu wa juu huiona likiwa kilomita 29. Tofauti ni kilomita 13. Jahazi linalokwenda kilomita 9 kwa saa litahitaji karibu saa moja na nusu kumaliza umbali huo.

Saa moja na nusu inatosha kuwaita wazee, kuwaondoa watoto ufuoni, kushusha mizigo ghalani au kutayarisha mashua ya kumlaki mgeni. Mwinuko uliuza muda, na katika biashara na katika hatari, muda ni mali.

Walijenga kwa nini?

Ukikaribia ukuta wa Mnarani utaona kwamba jiwe lake lina vitundu na chembe za viumbe vya bahari. Ni matumbawe. Mafundi walitumia aina mbili. Kuta za kawaida zilijengwa kwa matumbawe ya nchi kavu, yaliyochimbwa kutoka kwenye mwamba ule ule tunaoukanyaga. Sehemu za kuchonga, kama mihrabu na fremu za milango, zilitengenezwa kwa matumbawe yaliyokatwa baharini yangali mabichi. Jiwe hilo likiwa na unyevu ni laini na fundi hulichonga kwa urahisi. Likikauka hewani huwa gumu.

Chokaa nayo ilitoka katika matumbawe hayo hayo. Mawe yalipangwa juu ya rundo la magogo yakachomwa, kisha majivu yale meupe yakaachwa yapate unyevu kwa muda mrefu hadi yawe chokaa laini ya kujengea na kupaka. Paa lilibebwa na boriti za mikoko. Boriti hazina urefu mkubwa, kwa hiyo vyumba vingi vya zamani vilikuwa na upana wa mita kati ya 2 na 3 tu. Msikiti ulipohitaji nafasi zaidi, mafundi walisimamisha nguzo katikati.

Kwa ufupi, mji mzima ulitoka hapa hapa: jiwe, chokaa, boriti na ufundi. Bakuli za kaure zilikuwa za kuagizwa, lakini ukuta ulikuwa wa nyumbani.

Mji ulihamwa vipi?

Mwanzoni mwa karne ya 17 Mnarani uliachwa. Wanahistoria wengi wanahusisha jambo hilo na mashambulizi ya Waoromo, ambao wazee wetu waliwaita Wagalla, waliokuwa wakishuka kutoka kaskazini. Miji mingi ya kati ya Lamu na Mombasa ilidhoofika au kuhamwa katika kipindi hicho. Ni kipindi kinachotajwa pia katika simulizi za Mijikenda kuhusu kuingia katika kaya zilizojengwa ndani ya misitu. Misitu hiyo mitakatifu ya kaya iliingizwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka wa 2008.

Baada ya watu kuondoka, boriti zilioza na mapaa yakaanguka. Mibuyu iliendelea kukua. Nguzo ikabaki imesimama, na jina likabaki midomoni mwa watu. Ni jambo la kuzingatia kwamba tumesahau jina la aliyezikwa chini ya mnara, na hatujausahau mnara wenyewe. Jengo ndilo limetunza kumbukumbu ambayo ulimi haukuitunza. Likianguka, jina la Mnarani litabaki kuwa sauti ya kondakta tu.

Maadui wa mnara

Matumbawe na chokaa ni vifaa vizuri, ila vina udhaifu wake.

Mvua huiyeyusha chokaa polepole. Chumvi ya upepo wa bahari huingia katika vitundu vya jiwe, ikikauka hupanuka na kulimenya jiwe kwa ndani. Mbegu ya mti iliyoangushwa na ndege juu ya ukuta huota, na mzizi wake hupasua kile ambacho mvua haikuweza kukipasua.

Hayo ni ya maumbile. Yaliyo yetu ni haya: kukwea kuta ili kupiga picha, kukwaruza majina kwenye lipu ya kale, kuchukua mawe kwenda kujengea choo au kupangia maua, kuwasha moto kando ya kuta, na kutupa taka kwenye miteremko. Mtoto mmoja akikwaruza jina lake haionekani kuwa jambo kubwa. Lakini wakija wanafunzi 40 na kila mmoja akaacha alama yake, maandishi yaliyodumu kwa karne nyingi hayatadumu kwa wajukuu wetu.

Lipo kosa jingine linalofanywa kwa nia njema, na linahusu hata misikiti na makaburi ya familia yaliyo vijijini. Mtu huona kaburi la babu limeanza kumenyeka, akanunua saruji na kulipiga lipu upya. Saruji ni ngumu kuliko chokaa na haipitishi unyevu kwa urahisi. Unyevu hunaswa ndani, jiwe la kale huoza nyuma ya lipu mpya, na baada ya miaka michache vyote viwili hubanduka pamoja. Ukarabati wa jengo la kale la matumbawe hufanywa kwa chokaa, na kwa ushauri wa wataalamu. Kabla ya kununua mfuko wa saruji, uliza kwanza.

Nani anasimamia nini?

Wakazi wengi huuliza kwa nini Serikali ya Kaunti haikarabati magofu au haiyafanyi hivi au vile. Jibu limo katika Katiba ya mwaka 2010. Jedwali la Nne linagawa kazi kati ya ngazi mbili za serikali. Makumbusho ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yako chini ya Serikali ya Kitaifa, na shirika linaloyasimamia ni Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Kaunti kwa upande wake imepewa shughuli za kitamaduni, makavazi ya kaunti na utalii wa ndani, pamoja na barabara za kaunti na uzoaji wa taka.

Kwa lugha ya kila siku: ukuta wa gofu ni wa Makavazi ya Kitaifa, lakini njia ya kufika kwenye gofu, usafi wa mtaa unaolizunguka na mipango ya ujenzi jirani ni mambo ambayo unaweza kuyaleta kwa Kaunti, kupitia ofisi ya msimamizi wa wadi au katika vikao vya ushirikishaji wa umma. Hoja yako ikifika katika ofisi inayohusika haitazungushwa.

Ukichimba ukakuta ukuta

Hapa ndipo somo hili linapoingia mlangoni mwako. Kingo za mikono ya bahari ya Kilifi, Takaungu, Mida na Ngomeni zina historia ndefu, na ujenzi unaongezeka. Mkazi anayechimba msingi, kisima au shimo la choo anaweza kukutana na ukuta wa matumbawe, vigae vya vyombo, shanga au kaburi la kale.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kitaifa ya mwaka 2006 inasema mtu anayegundua kitu au mahali pa kale anatakiwa kutoa taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku 7, akieleza mahali hasa na jinsi alivyogundua. Fuata hatua hizi:

1. Simamisha uchimbaji mahali hapo. Unaweza kuendelea na kazi sehemu nyingine ya kiwanja.

2. Usiondoe wala kuosha vitu. Kigae kilicho mahali pake kina habari nyingi kuliko kigae kilicho ndani ya mfuko.

3. Piga picha na uandike tarehe, mahali na kina ulichokuwa umefikia.

4. Mjulishe mzee wa kijiji au chifu, na upeleke taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa. Ofisi iliyo kwenye magofu ya karibu nawe itakuelekeza.

5. Usiuze kitu cha kale, wala usimpe mgeni kama zawadi. Biashara ya vitu hivyo imewekewa masharti ya kisheria.

Tunajua hofu iliyopo. Wengi hunyamaza kwa kudhani kwamba wakisema tu, shamba litachukuliwa. Sheria haisemi hivyo. Mahali hufanywa kuwa turathi inayolindwa kwa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye ardhi hujulishwa na kupewa nafasi ya kuwasilisha pingamizi lake. Si kila kigae kinazuia nyumba kujengwa. Mara nyingi wataalamu huhitaji muda wa kupima, kupiga picha na kuandika tu. Kinachoweza kukuingiza matatani ni kunyamaza na kubomoa.

Zoezi: pima mnara bila kuugusa

Zoezi hili linawafaa wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi na wa sekondari. Linahitaji kijiti kilichonyooka cha mita 1, tepu ya kupimia na siku yenye jua.

Simamisha kijiti wima mahali pa tambarare na upime kivuli chake. Wakati huo huo mwenzako apime kivuli cha mnara, kuanzia chini ya nguzo hadi ncha ya kivuli. Gawanya kivuli cha mnara kwa kivuli cha kijiti. Jibu ni urefu wa mnara kwa mita. Kwa mfano, kama kivuli cha kijiti ni mita 0.5 na cha nguzo ni mita 3, basi nguzo ina urefu wa mita 6.

Anzeni nyumbani kwa kupima mnazi, mwembe au nguzo ya stima. Mkiwa na uhakika wa hesabu, nendeni mkapime mnara wenyewe. Rudieni mara tatu kwa saa tofauti, mlinganishe majibu, na mwulizane kwa nini yanatofautiana kidogo. Kisha kila mwanafunzi amuulize babu, bibi au jirani mzee swali moja: "Ulisikia nini kuhusu Mnarani ulipokuwa mdogo?" Andikeni majibu daftarini. Kipimo kitawapa urefu, na mzee atawapa yale ambayo tepu haiwezi kupima.

Ukitembelea

Magofu ya Mnarani yako upande wa kusini wa daraja. Chagua asubuhi au alasiri, kwa sababu jua la adhuhuri ni kali na maandishi ya kuchonga husomeka vizuri zaidi mwanga ukiwa wa pembeni. Vaa viatu vya kutembelea, beba maji ya kunywa, na urudi na chupa yako. Hapa ni mahali pa ibada na makaburi, kwa hivyo vazi la staha linafaa. Usikwee kuta wala kukanyaga makaburi. Wazazi, washikeni watoto mkono karibu na kisima na ukingoni mwa mwinuko. Wakuu wa shule wanashauriwa kuwasiliana na ofisi ya magofu mapema kabla ya kuleta kikundi. Viongozi wa watalii walioko hapo wanajua historia ya kila ukuta, na ada ndogo unayolipa husaidia utunzaji.

Waliojenga Mnarani walichagua mahali wanapoona mbali. Tukisimama pale pale leo tunaona daraja, mji unaokua ng'ambo, boti na mikoko, na tunaweza kujiuliza kipi kati ya hivyo kitakuwa bado kimesimama baada ya miaka 400. Mnara umejibu swali hilo kwa upande wake. Safari ijayo kondakta akipaza sauti, "Mnarani!", na mtoto aliyeketi kando yako akuulize ni mnara gani, mwonyeshe ule wa mawe.